Gia ya Pili

Ilianza vuli, siku za kubeba ngano.
Gari la baba likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili
lilishtuka kama mtu aliyepigwa teke la mgongo:
du!
Kikombe cha kahawa kikaruka dashibodini.
Mbwa akanitazama kana kwamba kosa ni langu.

Pikapu ya mwaka sabini na nane,
kijani kilichofifia hadi rangi ya njegere za kopo,
otomatiki, gia tatu,
milango imeliwa na chumvi ya barabara za theluji.
Baba, Metro Hawryluk, aliiendesha miaka thelathini na mmoja
akaniachia funguo, na shamba, na deni la mbolea.

Fundi wa Yorkton hakuinama hata kuchungulia.
"Giaboksi imekwisha, Stefania. Dola elfu tatu,
ama iuze kwa kilo."
Kaka yangu Orest, kwa simu kutoka machimbo ya mafuta kaskazini,
alisema yaleyale, ila kwa kelele zaidi.

Nikalala chali chini yake, juu ya gunia,
Oktoba, udongo umeshaanza kuwa jiwe.
Nilikuwa nimeanza na oili: injini ya moto, inanguruma,
nikachomoa kijiti, nikafuta, nikachovya, nikatazama.
Kimo sawasawa. Nyekundu kama supu ya bitiruti ya bibi,
wala hainuki kuungua.
Maiti gani hii isiyonuka?
Nikatikisa viungo vya shafti: kimya.
Nikavuta fito ya akseleta: inakwenda, inarudi.

Ndipo nikafungua kitabu cha matengenezo,
kurasa zake zimegandana kwa grisi.
Pembeni mwa mchoro mmoja, kwa penseli,
kwa herufi za kwao alizokuja nazo baba yake,
mzee ameandika: *Inapumulia hapa.*

Hapa: kikopo cha bati, kadiri ya yai la bata,
kimechomekwa ubavuni mwa giaboksi,
na mpira mwembamba unapanda hadi kwenye injini.
Injini ikiwa na kazi nyepesi, huvuta hewa kwa nguvu,
na kikopo huambia gia: pole pole, hakuna haraka.
Mvuto ukififia, kikopo husema: mlima! mzigo! kaza!

Nikauchomoa mpira, nikauziba kwa kidole gumba.
Injini inanguruma juu ya uso wangu.
Hakuna mvuto. Hata wa mtoto anyonyaye.
Ndani mkavu, hauna tone la oili, kwa hiyo kikopo ki salama.
Nikaufuata kwa vidole gizani, inchi kwa inchi,
hadi pale unapojikunja karibu na bomba la moshi.
Umepasuka. Ufa wa urefu wa punje ya ngano.

Kumbe msimu mzima giaboksi iliamini tunapanda mlima.
Huku! Saskatchewan,
ambako kilima kirefu kuliko vyote ni tuta la reli.

Nikacheka peke yangu, vumbi la kutu likaniingia mdomoni.
Kisha sikucheka.
Baba naye, chakula cha jioni, mlango ukigongwa kidogo tu,
sahani ikichelewa kidogo tu,
alikaza. Du.
Sisi tukidhani ndivyo alivyoundwa.
Ni nani aliyewahi kuinama kutafuta mpira?

Dola mbili na senti arobaini, futi tatu,
na kisu cha jikoni.

Nikaiendesha hadi kwenye maghala ya nafaka na kurudi.
Kwanza. Pili. Tatu.
Kahawa ilitetemeka kidogo, ikatulia.
Mbwa alilala.
Orest sijampigia bado; nitampigia Jumapili,
nitamwambia bei tu.

Ila kila gia inapokaribia kubadilika
shingo yangu hujikaza yenyewe,
ikingoja pigo.